Duniani wawili wawili

Januari 2020, siku chache kabla laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kuzimwa, nilimpeleka Bibi kusajili yake pale Muheza mjini. Wakala alikuwa kijana mwenye mwavuli, meza ya plastiki na kimashine cha kusomea vidole, na foleni yake ilikuwa imepinda hadi kwenye kivuli cha duka la jirani. Zamu yetu ikafika.

"Bibi, weka dole gumba hapo."

Bibi akaweka. Kimashine kikalia, taa nyekundu. Akakifuta kidole kwa ncha ya kanga, akaweka tena. Nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Kijana akamwomba akiloweshe kwa mate kidogo. Bibi akamtazama vile anavyowatazama watu waliolelewa ovyo, kisha akakilowesha. Nyekundu.

"Bibi," kijana akasema, na alisema kwa upole wa kweli, "vidole vyako vimeisha."

"Vimeisha vipi, mbona hivi hapa?"

Foleni nzima ilicheka, na mimi nikiwemo. Lakini kijana alikuwa sahihi. Vidole vya Bibi vimeishia kwenye jembe, kwenye magunia ya machungwa, kwenye ukili wa mikeka anaousuka tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Ukimshika mkono unakuta ngozi laini na ngumu kwa pamoja, kama mpini wa jembe la zamani. Mwishowe laini yake ikasajiliwa kwa jina langu na kidole changu, tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Hasira zilinipata njiani. Ilibidi nigeuze uso kutazama michungwa ili Bibi asiniulize nina nini.

Maana miaka tisa kabla ya siku ile, dole gumba hilohilo la kulia lililoishinda mashine, mtaalamu alilisoma bila taabu yoyote juu ya karatasi ya mwaka 1994.

Baraza lililosikiliza shauri sitalitaja, na mtaalamu vilevile. Ilikuwa 2011, mimi niko mwaka wa pili wa shahada ya sheria. Watoto wa shemeji yake Bibi walikuja na hati ya mauziano: karatasi ya mistari iliyochanwa kwenye daftari, inayosema Bibi aliwauzia sehemu ya shamba kuanzia kwenye mwembe hadi kijitoni. Chini yake kulikuwa na dole la wino wa zambarau, limeenea upande mmoja kama mtu aliyekanyaga tope na kuteleza. Bibi hajui kuandika. Akasema hakumbuki kuuza. Basi karatasi ikapelekwa kwa mtaalamu, pamoja na alama mpya za Bibi zilizochukuliwa kwa ajili ya ulinganisho.

Ripoti ilirudi ikiwa ya ukurasa mmoja. Nakala yake ninayo hadi leo, ndiyo karatasi niliyoisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote maishani, na nimesoma nyingi. Inasema alipokea nini, inasema alitumia lenzi ya kukuzia, kisha inasema: alama hizi zinafanana katika sehemu za kutosha, hivyo ni za mtu mmoja. Sehemu ngapi? Haisemi. Za kutosha kwa kipimo kipi? Haisemi. Mtaalamu akaitwa, akaapa, akasema ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wakili wetu akasimama, akamuuliza kama anafahamiana na wadai. Hafahamiani nao. "Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Nilikuwa benchi la nyuma na daftari langu la chuo. Muhula uleule nilikuwa nimefundishwa kwamba maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama, na uamuzi ulipotoka uliisema kanuni hiyo vizuri kabisa, kwa maneno karibu yaleyale ya mhadhiri wangu. Halafu sentensi iliyofuata ikasema haioni sababu ya kutilia shaka maoni ya mtaalamu. Hadi leo nikikutana na hukumu ya mtindo huo huwa naweka alama ya mwembe pembeni kwa penseli. Sentensi ya kwanza inasema hatufungwi. Ya pili inajifunga yenyewe.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana hata nyumbani kwetu nimeeleweka vibaya. Sisemi mtaalamu alikosea. Inawezekana kabisa Bibi aliweka dole lile. Mwaka 1994 Babu alikuwa mgonjwa, fedha za dawa zilikuwa zinatoka popote zilipoweza kutoka, na shemeji yake alikuwa mtu wa kukopesha. Kinachonikera ni kwamba katika chumba kile kizima, chenye watu wazima waliosoma, hakuna aliyemuuliza yule bwana swali ambalo mama yangu angemuuliza muuza samaki: umejuaje?

Watu wakisikia ninafanya uzamivu kuhusu sayansi ya uchunguzi wa jinai mahakamani, shemeji yangu akiwa wa kwanza, wanadhani ninapasua maiti. Sijawahi kuvaa koti jeupe. Nasoma majalada. Ninakaa masjala, naomba jalada kwa karani, nasubiri, naambiwa nirudi kesho, narudi. Ukiyatoa yale maneno makubwa niliyoyaandika kwenye ombi la ufadhili, utafiti wangu wote ni swali hilohilo la muuza samaki.

Na katika kuyasoma majalada hayo ndipo nilipogundua jambo ambalo kwa mtu anayetumia Kiswahili toka asubuhi hadi usiku lilipaswa kunigonga mapema.

Kuna siku nilikaa mahakamani kusikiliza shahidi wa alama za vidole katika kesi ya wizi. Akasema, nami nikayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Mheshimiwa, niliziweka sambamba, nikaona zinafanana." Hakimu alikuwa anaandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kama walivyofanya mahakimu wetu miaka nenda rudi: shahidi anatiririka kwa Kiswahili, kalamu inamfukuzia kwa lugha nyingine. Baada ya miezi kadhaa nikaipata nakala ya mwenendo wa kesi. Humo, kwa Kiingereza kilichonyooka, shahidi yuleyule amesema alama hizo ni za mtu mmoja.

Hakimu hakudanganya. Alisikia kile ambacho kila mtu chumbani alikisikia. Lakini tazama maneno tuliyonayo. Vitu viwili vikifanana, sisi wenyewe tunajua ni viwili. Vikilingana, bado ni viwili, ila vimepimwa. Vikishabihiana, msemaji amesoma mashairi. Vikioana, kimoja kinaingia kwenye kingine. Ukitaka kusema ni kimoja unasema "ni kilekile", au unanyoosha kidole kabisa: "ndicho hiki." Kati ya "zinafanana" na "ndiyo yake" kuna mto mpana, na sayansi yote ya ulinganisho, iwe ya vidole, mwandiko, risasi au nyayo za viatu, inaishi ndani ya mto huo. Mtaalamu anachokiona kwa lenzi ni kufanana. Umoja hauonekani kwa lenzi. Umoja ni hitimisho, na ili ulifikie lazima ujue jambo la ziada: ni mara ngapi alama mbili za watu tofauti hufanana kiasi hicho.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilishangilia, na bado nashangilia. Ila wino wa Kiswahili peke yake hautuvushi mto. Umeniondolea kisingizio tu: sasa neno la shahidi likigeuka njiani, siwezi kumlaumu mkalimani.

Bibi nilimsimulia haya yote siku moja tukimenya machungwa, nikamwambia kuna watu wanaapa kwamba dole fulani haliwezi kuwa la mwingine duniani kote. Akasema, bila kuinua macho kwenye kisu, "Si wanasema duniani wawili wawili?"

Huo ndio usemi wetu wa kila siku. Umemwita mtu kwa jina la rafiki yako sokoni, akageuka mgeni, ukacheka na kujiombea radhi nao. Wanasayansi wa vidole wangesema Bibi amekosea, na kwa kidole kizima wana hoja nzito. Matuta ya ngozi ya vidole hujijenga mtoto akiwa bado tumboni, na hata mapacha wa yai moja hutofautiana. Kama ungekuwa na kidole kizima, safi, kilichoviringishwa vizuri kwenye wino, ningeweka kalamu chini. Lakini mwizi hakuachii kidole kizima, na karatasi ya 1994 haikuwa na kidole kizima. Kinachobaki ni kipande, kimepakazika, vitanzi viwili vitatu na sehemu chache ambapo tuta linakoma au kugawanyika. Swali halihusu tena kama vidole viwili vizima vinaweza kuwa sawa. Swali ni kama vipande viwili vibovu vya vidole vya watu wawili vinaweza kumdanganya mtu mwenye lenzi. Na jibu tunalo tangu 2004.

Machi 11 mwaka huo mabomu yalilipuka ndani ya treni za asubuhi Madrid, wakafa watu zaidi ya 190. Kwenye gari lililoachwa karibu na kituo cha Alcalá de Henares polisi wa Hispania waliukuta mfuko wa plastiki wenye vilipushi, na juu ya mfuko kipande cha alama ya kidole. Picha ikatumwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Kompyuta yao ikatoa orodha ya watu 20 wanaokaribia. Wa nne alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, aliyekuwa kwenye kumbukumbu zao kwa kuwa aliwahi kuwa mwanajeshi. Mchunguzi wa kwanza akasema ndiye. Wa pili akathibitisha. Wa tatu akathibitisha. Waliandika kwa hakimu kwamba utambuzi ni wa asilimia 100.

Mayfield hakuwa ametoka Marekani kwa miaka mingi, hata pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Alikuwa amesilimu, mkewe ni mzaliwa wa Misri, na aliwahi kumtetea katika shauri la malezi ya mtoto mtu aliyeshtakiwa kwa ugaidi. Wahispania wakaandika Aprili kwamba wao hawaioni alama hiyo kuwa yake. Haikusaidia, Mei 6 akakamatwa. Mahakama ikateua mtaalamu huru, wa upande wa utetezi tuseme, naye akatazama na kusema: ndiyo, ni yake. Wataalamu wanne! Siku hiyohiyo ikajulikana kuwa Hispania wamempata mwenye kidole, Mualgeria aitwaye Ouhnane Daoud. Mayfield akaachiwa baada ya wiki mbili kizuizini, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2 na kumwomba radhi.

Kilichonishika katika uchunguzi rasmi uliofuata ni kitu kidogo tu. Wachunguzi, baada ya kukiangalia kidole halisi cha Mayfield, walirudi kwenye alama ya mfukoni na kuanza kuviona humo vitu ambavyo mwanzoni hawakuwa wameviona. Walikuwa wameshajua watafute nini, basi wakakipata. Hili mtu yeyote aliyewahi kutafuta sura ya mjomba kwenye picha ya mtoto mchanga analijua.

Mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake wakalipima jambo hilo kwa ujanja ambao ninauonea wivu. Waliwachukua wataalamu watano wazoefu, wakampa kila mmoja jozi ya alama ambazo yeye mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, alishaapa kuwa ni za mtu mmoja. Ila wakamwambia kuwa hii ndiyo jozi ile iliyowaumbua FBI. Watatu wakasema haziwezi kuwa za mtu mmoja. Wa nne akasema haiwezekani kuamua. Mmoja tu ndiye aliyebaki na neno lake. Vidole havikubadilika. Utafiti ulitoka 2006, watu watano ni wachache, na wapo walioupinga kwa sababu hiyo, lakini mimi huwa naanza nao darasani kwa kuwa baada ya hapo hakuna mwanafunzi anayesinzia.

Mwaka 2016 jopo la washauri wa sayansi wa rais wa Marekani lilizikusanya tafiti zilizopima wataalamu wa vidole kwa kuwapa jozi ambazo majibu yake yanajulikana. Likasema fani ina msingi, siyo ramli. Likasema pia kuwa kiwango cha kumtaja asiye mwenyewe kinaweza kufikia kosa 1 katika 306 kwa utafiti mmoja, na 1 katika 18 kwa mwingine. Moja katika kumi na nane! Hiyo ni Hiace moja ya Muheza kwenda Tanga, na bado kondakta anaita.

Nirudi kwetu. Kwa nini hatuulizi?

Jibu langu liko ndani ya kifungu kimoja kifupi. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushahidi ya 1967 kinairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu kuhusu sheria za kigeni, sayansi au sanaa, na utambuzi wa mwandiko au alama za vidole. Sentensi hiyo haikuzaliwa Dodoma wala Dar es Salaam. Ni ya sheria ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika kabla hatujatunga yetu, na maneno "alama za vidole" yaliongezwa kule India mwaka 1899. Kwa nini India? Kwa sababu Julai 1858, huko Bengal, afisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel aliandikiana mkataba na mwenyeji aitwaye Rajyadhar Konai wa kumletea vifaa vya barabara, akauchukua mkono wa Konai, akaupaka wino wa mhuri wa ofisi, akaugandamiza kwenye karatasi. Herschel mwenyewe alikuja kueleza nia yake: kumtia hofu yule bwana asije akaikana saini.

Niliposoma hivyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Karatasi ya mkataba, mkono wa mtu wa kawaida, wino, na hofu ya kukana. Ndiyo karatasi ya Bibi ileile, imezaliwa miaka 136 kabla.

Mbinu ya kuzipanga alama hizo ili zitafutike ilikamilishwa na wachunguzi wawili wa Kibengali, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, chini ya bosi wao Edward Henry, ambaye mfumo ukachukua jina lake, kama kawaida. Ofisi ya vidole ikafunguliwa Calcutta 1897, polisi wa London, Scotland Yard, wakafuata 1901. Yaani fani ilipewa kiti sheriani kabla mtu yeyote hajapima inakosea mara ngapi. Ikaketi hapo zaidi ya karne, na kifungu chetu kinauliza jambo moja tu: huyu ana ujuzi maalumu? Hakiulizi ujuzi wenyewe ukoje. Ndiyo maana wakili wetu na wengi baada yake huuliza miaka ya kazi. Mtu anaweza kukosea kwa miaka 30 bila kujua, kama hakuna anayemrudishia majibu. Muuza samaki anarudishiwa majibu kesho yake asubuhi.

Haki niseme, mawakili wetu siyo wavivu. Wakutane na kielelezo cha dawa za kulevya uone: bahasha ilifungwa na nani, nani aliipokea, saa ngapi, mhuri uko wapi, kwenye rejesta kuna saini ya nani. Kesi zinavunjika kwa sababu ya saini moja iliyokosekana njiani kwenda kwa Mkemia Mkuu. Mnyororo wa kielelezo wanaujua kama namba za simu zao. Bahasha ikishafika maabara ikafunguliwa, kimya. Kana kwamba makosa yote hutokea barabarani.

Msimamizi wangu ndiye aliyenipa mwongozo wa Gary Edmond, profesa wa sheria wa Sydney, alioutoa na wenzake mwaka 2014 kuwasaidia mawakili kumhoji mtaalamu. Edmond ametumia miaka mingi kusema jambo lisilopendwa na mawakili: kwamba maswali ya upande wa pili, silaha tunayojivunia kuliko zote, mara nyingi hayaifichui sayansi mbovu, kwa kuwa anayeuliza hajui aulize nini na anayejibu ni mzoefu wa kizimba. Mwongozo wao ni mkali lakini maswali yenyewe mtoto angeyaelewa. Njia hii imewahi kupimwa kwa watu ambao majibu yao yanajulikana? Inakosea mara ngapi? Wewe mwenyewe umewahi kupimwa? Ulipokuwa unaangalia, ulikuwa umeambiwa nini kuhusu mshtakiwa? Aliyekuthibitishia alijua jibu lako kabla ya kuangalia?

Nilimpelekea maswali hayo mchunguzi mmoja wa vidole aliyestaafu, mtu mzima, tulikaa kwenye mgahawa wa chai na chapati Magomeni. Nilitegemea ukali. Akayasoma yote taratibu, miwani kwenye ncha ya pua, akarudia la nne.

"Binti yangu," akasema, "mimi nilikuwa napewa karatasi, na juu yake kuna barua. Barua inasema: tafadhali thibitisha kwamba alama hii ni ya fulani."

"Thibitisha?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Siyo 'chunguza.' Thibitisha."

"Na mahakamani hukuwahi kuulizwa barua ilisemaje?"

Akacheka, akaikunja chapati. "Mahakamani nilikuwa naulizwa nimesoma wapi."

Alinieleza pia kuwa zamani mkoa mzima ulikuwa na mtu mmoja, yeye. Nani angemrudia kazi? Akimaliza anapiga mhuri, anakwenda kula. Kuna kesi mbili anazozikumbuka usiku, hakunieleza ni zipi na sikumlazimisha. Nilikwenda kwake nikiwa na hasira ya 2011 mfukoni, nikarudi nayo, lakini haikuwa tena na uso wa mtaalamu. Ilihamia kwenye ile barua.

Mahakimu je? Hapa ndipo ninapokwama hata kwenye tasnifu. Jaji mmoja wa Uskoti, Lord Cooper, alisema mwaka 1953 kwamba kazi ya mtaalamu ni kuipa mahakama vigezo vya kisayansi ili yenyewe iweze kuyapima mahitimisho yake. Ni maneno mazuri, nimeyaona yakinukuliwa hadi Afrika Mashariki. Lakini hakimu wa wilaya mwenye kesi kumi na tano za siku hiyo, feni imekufa, ripoti ya ukurasa mmoja mbele yake na wakili asiye na swali, apime kwa mizani ipi? Marekani tangu 1993 jaji wa shirikisho anatakiwa kusimama mlangoni na kuuliza uhalali wa sayansi kabla haijaingia, na bado FBI walipozipitia upya kesi zao za zamani za kulinganisha nywele walikuta, kufikia 2015, kwamba katika kesi 268 ambazo ushahidi huo ulimkandamiza mshtakiwa, 257 zilikuwa na kauli zilizovuka mpaka wa sayansi. Mlinzi alikuwepo mlangoni, usingizini. Kwa hiyo ninapopendekeza kitu, na pendekezo langu ni dogo tu, kwamba ripoti isipokelewe kama haisemi imelinganisha sehemu ngapi, kwa kipimo kipi, na mchunguzi aliambiwa nini kabla, huwa napendekeza kwa sauti ya chini.

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza kupumzika. Bibi amevuka tisini, anasikia vizuri kuliko mimi. Nilibeba pedi ya wino wa zambarau na karatasi nyeupe, nikamwambia nina mchezo. Nikamwekesha dole gumba la kulia mara kumi. Dole moja, mchana mmoja, mkono wangu juu ya wake. La kwanza lilitoka doa tupu. La pili, mistari ya pembeni tu. La nne na la saba yalionyesha tuta linalogawanyika mahali fulani karibu na kati, na kwenye la nane mahali hapohapo hapakuwa na kitu. La tisa lilikuwa limeteleza, kama lile la 1994. Nililiangalia kwa muda mrefu.

Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu kesi iishe. Nyumbani hatuulizi mambo hayo.

"Bibi, ile karatasi ya kina shemeji yako. Uliweka dole?"

Alikuwa anasugua wino kwa ndimu iliyokatwa. Ulikuwa umeshatoka kote isipokuwa pembeni ya ukucha.

"Mwaka ule niliweka madole mengi, mjukuu wangu. Hospitali, chama cha ushirika, kwa shemeji. Ukiambiwa weka, unaweka." Akaigeuza ndimu upande wa pili. "Kuna hata mmoja aliyenisomea?"

Kwenye ripoti ile ya ukurasa mmoja, hilo halikuwa miongoni mwa maswali yaliyotumwa kwa mtaalamu. Kwenye tasnifu yangu, sura tano zilizokwisha, halimo pia. Bibi akaniomba nimsogezee beseni.